Swali la dada: nilivyompeleka mpwa wangu kuwinda bata mzinga Missouri

Mpwa wangu ana miaka 12. Mwezi wa pili mwaka 2025 alianza kuniomba nimpeleke kuwinda bata mzinga wa porini, maana wenzake hapa Missouri, Marekani, huenda na baba zao kila majira ya kuchipua. Mimi nilikubali palepale. Mama yake, ambaye ni dada yangu, hakukubali. Alitusikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja tu: "Na hiyo risasi ikimkosa ndege, nyuma yake kutakuwa na nini?" Siku hiyo sikuwa na jibu la maana. Maandalizi yetu yote yalitokana na swali hilo.

Nimekulia Tabora. Kwetu ndege wa kuwindwa ni kanga na kwale, na unawafuata waliko. Bata mzinga mambo ni kinyume: unakaa chini ya mti, unaiga sauti ya jike, dume linakujia. Hatari iko hapo. Kwenye ardhi ya umma sauti ile anaisikia pia mwindaji mwingine usiyemjua, naye akiifuata kwa kunyata anakuja moja kwa moja hadi ulipokaa. Ndiyo sababu huvai nyekundu, nyeupe wala buluu, hata soksi, kwani hizo ndizo rangi za kichwa cha dume. Unaegemea mti mpana kuliko mabega yako. Ukimwona mtu anakuja, usimpungie mkono. Unamwita kwa sauti kubwa na hutikisiki.

Tarehe tulizipanga kwa makini. Msimu wa kawaida ulifunguliwa Jumatatu 21 Aprili, lakini kabla yake kuna siku mbili za vijana wa miaka 6 hadi 15, na mwaka huo zilikuwa 12 na 13 Aprili. Afadhali hivyo, maana mwaka 2024 ziliangukia kumi la mwisho la Ramadhani, na nisingetaka kumtembeza mtoto milimani akiwa amefunga. Katika siku hizo mtu mzima haruhusiwi kuwinda. Nilikata kibali changu, lakini kazi yangu ilikuwa kukaa bega kwa bega na yeye. Kijana akiwa na msimamizi anaweza kuwinda bila cheti cha mafunzo. Nilitaka asome hata hivyo, akasoma, akafaulu.

Mahali tulichagua Cedar Creek, kipande cha Msitu wa Taifa wa Mark Twain kilicho kusini mashariki mwa mji wa Columbia. Ni karibu na nyumbani, ila msitu umechanganyika na mashamba ya watu, ukizubaa umeshavuka mpaka. Jioni nne za mwezi wa tatu tulikwenda bila bunduki. Ndege hawa hulala juu ya miti, na jua likizama unasikia mbawa zao nzito zikipiga matawi. Mpwa wangu alichora ramani kwenye daftari la hesabu: wapi wamelala, wapi njia ya wapanda farasi inapita, wapi pana mteremko wa udongo. Tulichagua sehemu tatu, na kila moja tuliketi kwanza chini ya mti tukajiuliza swali la mama yake.

Bunduki ilikuwa ya marisau, geji 20, yenye kitako kifupi kinachomfaa. Kwenye uwanja wa shabaha tulipiga karatasi kwa hatua 20, 30 na 40 tuone marisau yanavyotawanyika. Kwa 40 kulikuwa na mapengo ambamo kichwa cha ndege kingepona, basi tukaafikiana hatua 30, basi. Lakini zoezi gumu kuliko yote lilikuwa kutulia. Bata mzinga hategemei pua, anategemea macho, na ukikuna shavu tu kaondoka. Tulijizoeza nyuma ya nyumba, dakika 10, kisha 20, mpaka akafika 40. Naamini hilo lilitusaidia kuliko vifaa vyote nilivyonunua.

Jumamosi tulipofika sehemu ya kwanza tulikuta gari limeegeshwa. Tukageuza. Kijana alinuna, lakini aliyetangulia katangulia, na kumwingilia mtu gizani ndiyo ajali yenyewe. Sehemu ya pili upepo ulivuma asubuhi nzima. Tuliona jike moja tu. Huko ndiko aliponiuliza kwa nini anaruhusiwa dume moja peke yake. Nikamweleza kwamba mwaka 1952 ndege hawa hawakufika 2,500 jimbo zima, kwamba kuanzia 1954 Idara ya Uhifadhi ikawa inawakamata wazima na kuwahamishia misitu iliyobaki mitupu, na uwindaji ukafunguliwa tena 1960. Alikaa kimya, kisha akasema, "Kumbe waliletwa kwa gari kama sisi."

Jumapili tulitia udhu kwa maji ya chupa kando ya gari, tukasali alfajiri juu ya turubai. Jua lilikuwa linachomoza saa 12 na dakika kama 40, na sheria inaruhusu kupiga kuanzia nusu saa kabla. Hatukuwa na haraka. Wakati wote wa kutembea bunduki niliibeba mimi, tupu; aliijaza alipokwisha kuketi.

Nilipaka chaki kifuniko cha kisanduku cha mbao cha kuigia sauti ya jike, nikakisugua mara tatu, taratibu. Dume likajibu kutoka bondeni, sauti iliyotetemesha kifua. Baada ya robo saa lilitokea juu ya mgongo wa kilima, mkia umefunguka kama upepeo, ndevu zikining'inia kifuani. Hatua 30, labda pungufu kidogo. Nilimnong'oneza, "Likikuridhisha, piga." Hakupiga. Nilisikia pumzi yake ikikatika.

"Mjomba, nyuma yake kuna mbingu tu."

Alikuwa sahihi. Upande wa pili wa kilima ndiko njia ya farasi inakopita, naye ndiye aliyeichora. Mimi macho yangu yalikuwa kwenye ndevu. Tulingoja. Dume likazunguka mara mbili, likasimama, likashuka kuelekea sanamu ya jike tuliyoisimika, mpaka nyuma yake pakawa na ukingo wa udongo mwekundu. Nilimsikia akisema, "Bismillahi, Allahu Akbar."

Nilikwenda na kisu, lakini lilikuwa limekwisha kufa. Aliweka alama kwenye kibali palepale, tukalifunga kwa kitambaa cha rangi ya chungwa ili mtu asione manyoya yakitembea msituni, na tuliliripoti kwa simu kabla hatujaondoka. Mwisho ni saa 4 usiku wa siku hiyohiyo.

Kifua dada alikikaanga. Mapaja ni magumu, yanataka tangawizi na saa tatu jikoni kabla ya kuingia kwenye pilau. Alikuwa bado anakoroga sufuria alipomgeukia mwanawe.

"Nyuma yake kulikuwa na nini?"

"Udongo, mama. Mara ya kwanza hapakuwa na kitu, nikangoja."

Akamkabidhi mwiko aonje chumvi.