Alasiri Gede, kwa Mwendo wa Mtoto

Matatu ilitushusha njia panda ya Gede baada ya saa tisa, binti yangu ndiyo kwanza ameamka. Hajatimiza miaka miwili. Saa hiyo niliichagua makusudi: keshalala, keshakula, jua limeanza kulegea, na magofu yenyewe ya mji huu wa kale wa Waswahili, pwani ya Kenya, yamo ndani ya msitu, kwa hiyo kivuli hakikosekani. Leso nilijifunga kiunoni ya kumbebea mgongoni akichoka. Kigari cha mtoto hakifai kitu pale. Mizizi imetapakaa njia nzima.

Kabla ya ukuta wowote tuliona kima. Aliketi juu ya jiwe akitutazama, na mwanangu akasimama kidete, kidole hewani.

"Msimpe kitu, mama," alisema mzee anayetembeza wageni. "Akizoea mkono wa mtu, kesho atanyang'anya."

"Sawa, mzee."

Wageni wengi huanzia Msikiti Mkuu, wakapita jumba la mfalme, wakapiga picha, wakaondoka. Sisi tulikwama kwenye nyumba za watu, na sijuti hata kidogo. Nyumba za Gede zina ua ulioshushwa chini, unauingia kwa ngazi, na ngazi ndiyo kitu mwanangu anachokipenda kuliko vyote duniani. Alishuka kwa makalio, akapanda kwa magoti, akashuka tena. Nikakaa kwenye jiwe la matumbawe nikimshika mkono, nikapata muda wa kuangalia kuta nilizokuwa nikizipita mbio tangu ziara za shule: chokaa iliyobaki kwenye pembe, vidaka vidogo vya kuwekea taa. Kimoja kilikuwa chini kiasi cha yeye kukifikia. Akatia jani kavu ndani, akalitoa, akalirudisha.

James Kirkman, mwanaakiolojia aliyeanza kuchimba hapa mwaka 1948, alizipa nyingi ya nyumba hizi majina ya vitu vilivyookotwa ndani yake. Ipo Nyumba ya Mkasi, Nyumba ya Taa ya Chuma, Nyumba ya Kasha la Pembe ya Ndovu, na nyingine imepewa jina la sarafu za China. Napenda sana jambo hili. Jina la mwenye nyumba limepotea, lakini mkasi ulioanguka sakafuni umebaki, na umeipa nyumba jina. Mji uliohamwa katika karne ya 17 tunausoma kwa vitu vya chini, na chini ndiko macho ya mtoto yaliko. Alikuwa ananionyesha kila kitu: konokono, kigae, siafu (hapo nilimnyanyua haraka), shina la mti lililokumbatia ukuta hadi huwezi kusema kipi kinashikilia kipi.

Kwenye visima sikumwachia hata hatua moja. Ni virefu, na mwenye mtoto mdogo ambebe kabla hajavikaribia.

Kaburi lenye tarehe tulilifikia akiwa mgongoni. Limechongwa mwaka wa Hijra 802, yaani 1399. Mzee alilisimulia kwa sauti ya chini, nami nikawaza jinsi mji huu ulivyokuwa na watoto wa rika la wangu, waliofundishwa kushuka ngazi zilezile. Nimesoma kuhusu Gede mara nyingi, lakini wazo hilo halikuwahi kunijia.

Mwaka 2024 UNESCO iliuingiza mji huu kwenye orodha ya Urithi wa Dunia. Nimefurahi, na naomba wazazi wa Malindi, Watamu na Kilifi wasiuache kwa watalii peke yao.

Jumba la mfalme tuliliona nusu. Kwa vipepeo vya mradi wa Kipepeo, palepale ndani ya eneo, hatukufika kabisa, maana alishaanza kuvuta leso akitaka kunyonya. Tutarudi asubuhi moja, tuanzie huko.