Kwani surua inasubiri watu kumi?

Tangu Jumanne kuna swali limenikaa kichwani na halitoki. Nafua nalo, nalala nalo. Hata jana kwenye sendofu ya Rehema kule Ujiji watu wanacheza, mimi nalisikia tu.

Nilikuwa nimepeleka chanjo na barafu kwenye zahanati ile ya kandokando ya ziwa, njia ya kaskazini. Akashuka dada mmoja kutoka kwenye boti, mtoto wa miezi tisa mgongoni, kadi ya kliniki kaifunga kwenye nailoni mbili isilowe. Nesi akaisoma, akamwambia kwa upole kabisa:

"Dada, leo uko peke yako, na kichupa ni cha watoto kumi. Rudi Alhamisi, wenzio watakuwepo."

Yule dada hakupandisha sauti. "Nesi, kwani surua nayo inasubiri tutimie kumi?"

Nesi akanigeukia mimi. Sababu zake nazijua. Chanjo ya surua-rubella huja ikiwa unga. Ukishaichanganya na maji yake, saa 6 zikipita unamwaga kilichobaki. Dozi 9 kwenye ndoo zinauma, na kwenye ripoti utaulizwa. Lakini mwongozo wa WHO ni kufungua hata kwa mtoto mmoja. Nikamwambia, "Fungua, dada'angu. Hiyo hasara nitaieleza mimi." Akafungua. Mtoto akalia kidogo, akanyamaza, akarudi mgongoni.

Kwa hiyo huyo kapata. Wanaoninyima usingizi ni wale walioambiwa "rudi Alhamisi" wakaitikia "haya nesi," wakapanda boti. Alhamisi ziwa likichafuka, nani anarudi?

Boti yetu iliharibika injini tukachelewa kufika Kibirizi, wiki ikaisha. Ila juzi usiku nilisoma kitu nikainuka kitandani. Mark Prausnitz wa Georgia Tech, Marekani, tangu miaka ya 1990 anahangaika na visindano vifupi kuliko milimita moja. Sasa vinapangwa kwenye kibandiko kama plasta: unakibonyeza kwenye ngozi, chanjo inayeyukia humo humo. Hakuna bomba la sindano, hakuna maji ya kuchanganyia. Na kibandiko kimoja ni cha mtoto mmoja! Cha surua-rubella kimejaribiwa Gambia, matokeo yakatoka kwenye jarida la kitabibu The Lancet mwaka 2024: zaidi ya asilimia 90 ya watoto wachanga walipata kinga ya surua kwa kibandiko kimoja tu. Gambia, jamani, si Ulaya. Watoto wa umri ule ule wa huyu wa Jumanne. Bado ni majaribio, najua. Lakini nilifurahi mpaka nikamwamsha Baba Zuhura nimsomee, naye akasikiliza mpaka mwisho.

Nilitaka niwaandikie na habari za sendofu, ila akili haijatulia. Mama kule Tabora mguu umevimba tena, anasema hospitali ataenda mahindi yakishavunwa. Tangu asubuhi nampigia, hapokei.