Ladnun, mjini kwa Acharya Tulsi

Basi la kutoka Jaipur lilitushusha Ladnun, India, jua likiwa kali, vumbi la jimbo la Rajasthan limejaa hadi masikioni. Mimi ni mtu wa Mombasa, na kule hekalu la marumaru nyeupe la Wajaini, waumini wa dini ya kale ya India isiyoumiza kiumbe chochote, halimpiti mgeni. Hapa sikuona hata sanamu moja. Wajaini wa hapa ni Waterapanth, dhehebu lililoanzishwa na Acharya Bhikshu mwaka 1760, nao hawaabudu sanamu. Wote wako chini ya acharya mmoja, yaani mtawa aliye kiongozi mkuu.

Tulsi alizaliwa mji huu mwaka 1914. Utawa aliuingia 1925, na 1936, angali kijana mbichi, akakabidhiwa dhehebu zima. Mwaka 1949 alianzisha Anuvrat, nadhiri ndogondogo kwa raia wa dini yoyote: usitoe rushwa, usimbague mtu kwa tabaka lake, usipunje kwenye mizani. Alizinadi kwa miguu hadi Kolkata na Kanyakumari, ncha ya kusini ya India, maana mtawa wao hapandi chombo cha usafiri.

Mchana watawa wawili wa kike walibisha hodi nyumba niliyofikia, kitambaa cheupe kimefunika midomo, bakuli za mbao mkononi. Waliuliza kwanza kama chakula kimepikwa kwa ajili yao. Kingekuwa hivyo, wasingekigusa. Binti wa nyumba akakimbilia kupakua, lakini mikono yake ilikuwa imelowa maji mabichi, ambayo kwao yana uhai, akazuiwa. Mama yake ndiye aliyewapa, chapati nusu tu, wakaenda nyumba ya pili.

Sasa watu wa namna hiyo watawafikiaje Wajaini wa Nairobi au London? Mwaka 1980 Tulsi alianzisha daraja la kati, samani (wa kike) na samana (wa kiume), wanaoruhusiwa kupanda ndege. Wahafidhina walinung'unika. Mimi naona hapo ndipo akili yake ilipo: sheria ya watawa hakuigusa, aliongeza mlango pembeni.

Jioni nilimuuliza mzee wa nyumba habari za 1994, Tulsi alipoachia uongozi akiwa hai na kumkabidhi mwanafunzi wake Mahaprajna, miaka mitatu kabla ya kufariki. (Kwetu huku kiongozi hungoja jeneza.) Nikasema, "Mzee wangu, siku ile nani alimwinamia nani?" Akacheka, akanisogezea sahani: nimalize kwanza, jua linazama, na katika nyumba hii hakuliwi usiku.