Nilivyoifundisha kompyuta kusoma majimbo yetu

Nilitaka jambo dogo tu: kompyuta isome maandishi ya Kiswahili ya kwenye intaneti, kisha initajie makao makuu ya kila jimbo la Kongo bila mimi kuyajaza kwa mkono. Wazo nililipata kutoka kwa NELL, programu iliyoanza kazi Januari 2010 katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, chini ya Tom Mitchell. Ilisoma kurasa usiku na mchana, na ilianzia kwenye mifano michache ya kila aina ya kitu.

Mimi hapa Lubumbashi nina laptopu moja na mega za kununua. Nilipakua kurasa usiku, mchana nikafanya kazi bila mtandao.

Niliipa programu jozi chache: Goma na Kivu Kaskazini, Bukavu na Kivu Kusini, Kisangani na Tshopo. Ikatafuta sentensi zenye majina hayo, ikachukua maneno ya katikati, mathalani "ni makao makuu ya jimbo la", kisha ikayatumia kuvua jozi mpya. Kolwezi na Lualaba hao, Kamina na Haut-Lomami, Kalemie na Tanganyika. Raha iliyoje! Ila ilikuwa imeokota pia kipande kifupi, "makao makuu ya", na makao makuu ya Gécamines, kampuni ya madini, yako Lubumbashi. Basi Gécamines ikawa jimbo, na kampuni nyingine zikafuata mkondo huohuo.

Dawa yake akina Mitchell walikuwa nayo: fundisha majimbo, miji, mito na kampuni kwa pamoja, na uweke sheria kwamba kilicho kampuni au mto hakiwezi kuwa jimbo. Gécamines ilitokea mara nyingi baada ya "kampuni ya", ikatolewa.

Lakini sheria hiyohiyo ikaitupa Lualaba, kwa sababu ni mto pia. Tanganyika ndiyo usiseme: ziwa, jimbo, na zamani nchi. Ituri, Kasai, Kwilu, yote majina ya mito. Hapo waandishi wetu wenyewe waliniokoa, kwani aghalabu hutanguliza aina ya kitu: mto Lualaba, jimbo la Lualaba. Nikaacha kuhifadhi jina tupu, nikahifadhi jina na neno linalolitangulia. Lualaba ikarudi ikiwa vitu viwili, na sheria sikuzigusa.

Ikabaki Katanga. Tangu 2015 imegawanywa majimbo manne, na Lubumbashi ni makao makuu ya Haut-Katanga. Programu ilikuwa inahesabu kila andiko kama kura, na maandishi ya zamani yanayoutaja mji huu kuwa makao makuu ya Katanga yalikuwa mengi, Katanga ikashinda. Sasa kila habari inabeba mwaka wa maandishi ilikotoka. Hata hivyo haitoshi, maana watu huku hadi leo wanasema Katanga, na habari za juzi zinaiandika vilevile. Jina lisilo kati ya majimbo 26 ya sasa nalikagua mwenyewe kabla halijaingia. NELL nayo ilikuwa na watu wa kuisahihisha, kwa hiyo sioni haya.