Simu ya "bure" Marekani, na kwa nini laini ya malipo ya kabla inatosha

Mgeni akiingia duka la simu Marekani, huwekewa mezani simu mpya na kuambiwa ni ya bure. Muulize muuzaji: ya bure kwa miezi mingapi? Kwa kampuni kubwa za simu za Verizon na AT&T kwa kawaida ni 36, kwa T-Mobile mara nyingi 24. Umeuziwa simu hiyo kwa bei kamili, kwa awamu, ila kila mwezi kampuni inakufutia awamu moja kwenye bili maadamu hujahama. Chukua simu ya dola 720 kwa miezi 36: awamu ni dola 20. Ukihama baada ya miezi 12, dola 480 zilizobaki unadaiwa wewe.

Tena kwa mkataba wa namna hii kampuni hupitia historia yako ya mikopo, na aliyefika juzi hana. Huenda akaombwa dhamana au akakataliwa. Laini ya malipo ya kabla haina habari na hayo: unalipa mwezi, unatumia, na ukiona haikufai hulipi mwezi ujao. Kati ya kampuni za laini hizo, Metro iko kwenye minara ya T-Mobile, Cricket ya AT&T, Visible ya Verizon. Chagua kwa kuangalia mnara unaoshika vizuri nyumbani na kazini kwako, bei baadaye.

Simu uliyotoka nayo nyumbani ndiyo huwasumbua wengi. Bonyeza *#06# upate IMEI, namba ya utambulisho wa simu, kisha iingize kwenye tovuti ya kampuni uone kama simu inakubalika kabla hujalipa. Mitandao mikubwa ilizima 3G mwaka 2022, kwa hiyo simu isiyopiga kupitia 4G, yaani VoLTE, inaweza kushika intaneti vizuri na bado isipige. Simu nyingi zilizotengenezwa kwa soko la Afrika hukwama hapo, au hukosa masafa ya huku. Ukilazimika kununua nyingine, nunua isiyofungwa kwa mtandao wowote.

Malipo ya kabla yana kasoro yake: mnara ukielemewa, uwanjani au stesheni jioni, wa mkataba mara nyingi huhudumiwa kwanza na intaneti yako ndiyo inayozorota. Na familia yenye laini nne ipige hesabu upya, maana hapo mkataba huweza kuwa nafuu kwa kila laini.

Unahama na namba yako? Usifunge laini ya zamani kwanza, namba itapotea. Omba namba ya akaunti na PIN ya kuhamia, uandike ZIP (namba ya posta ya eneo lako) ileile iliyo kwenye akaunti ya zamani. Tarakimu moja ikikosewa, ombi linarudishwa.

Ukienda likizo nyumbani, vifurushi vingi vya bei nafuu havifanyi kazi nje ya nchi. Washa mapema upigaji wa simu kwa Wi-Fi ukiwa bado Marekani, ndipo namba za siri za mara moja ambazo benki hutuma kwa SMS ziweze kukufikia hata ukiwa Tanga.