Rangi haikuleta watu vichochoroni, milango ndiyo iliyowaleta

Kila tuliyemwomba ushauri wa kuwavuta watu watembee kwa miguu kwenye maduka na vichochoro vya mji wetu alitupa uleule: pakeni rangi. Choreni maua ukutani, tundikeni taa za urembo, watu watakuja wenyewe. Walikuja kweli. Wakapiga picha, wakaondoka, na baada ya muda mfupi mtu akakojolea maua. Tangu hapo nikisikia neno "kupendezesha mji" damu inanichemka.

Katika mji mdogo umbali si tatizo. Barabara yetu ya maduka unaimaliza kwa dakika chache. Hata hivyo mtu alikuwa akitoka duka la dawa anapanda gari kwenda benki, nusu barabara tu, halafu anaanza upya kutafuta maegesho. Nilipowauliza kwa nini, hakuna aliyesema mbali. Walisema jua.

Basi ikawa miti. Kamati ikamleta bwana mmoja aliyesifiwa kuwa anajua bustani. Akasema tununue miti mikubwa, ionekane siku ya uzinduzi, tuchimbe mashimo membamba na marefu pembeni mwa barabara, tujaze samadi na udongo mzuri, kazi imekwisha. Nilibisha kidogo nikaambiwa mjuaji. Uzinduzi ulipendeza, hotuba zilikuwa ndefu. Msimu haujaisha, majani yakageuka manjano, yakakauka ncha, yakaanza kudondoka. Tukampigia simu. Akasema ongezeni maji. Tukaongeza, ikafa upesi zaidi.

Nikaomba ruhusa ya kung'oa mmoja. Nikiri kwamba nilifurahi kuliko inavyopasa msibani. Mti ulichomoka kama kizibo. Mizizi yote ilikuwa imejizungusha ndani ya ule udongo mzuri, imejisokota, na hakuna uliothubutu kuingia kwenye ardhi ya pembeni, iliyoshindiliwa na magari miaka nenda rudi. Chini kulikuwa na maji yaliyotuama, yananuka. Mizizi inataka hewa kama inavyotaka maji, na sisi tulikuwa tunaizamisha. Nikalikausha shimo, kisha mbele ya kamati nzima nikamwaga ndoo ya maji, nikasema tuonane kesho. Kesho yake maji yalikuwa palepale. Yule bwana hakuja.

Safari hii tukachimba mapana badala ya marefu. Kina kilikuwa cha donge la mizizi tu, upana mara mbili au tatu yake, na palipowezekana shimo likaunganishwa na shimo kwa mfereji chini ya vigae ili miti jirani igawane udongo. Miche ilikuwa midogo, bei yake sikumbuki hata. Ile mikubwa ndiyo iliyomeza karibu nusu ya mchango. Pale shina linapotanuka kuanza mizizi pabaki juu ya ardhi, na matandazo yasigusane na shina. Na jamii ya mikuyu, hata kama kivuli chake kinakutoa udenda, usiikaribishe kando ya njia ya miguu. Itainua vigae vyote.

Wenye maduka walikuja juu: mabango yatafichwa, na wateja wetu wote wana magari. La mabango nililikubali, ila mti ukipunguzwa matawi ya chini kadiri unavyokua, bango husomeka chini ya majani. La magari sikubishana. Kwa mzee aliyepiga kelele kuliko wote niliweka makopo mawili kaunta, moja la waliokuja kwa gari, jingine la waliokuja kwa miguu, na bakuli la kokoto. Kila mteja anatumbukiza moja. Jioni kopo la miguu lilikuwa linamwagika. Mzee akalitikisa, akanitazama.

"Kijana, umetia mwenyewe hizi."

"Mzee wangu, mimi nilikuwa nje. Muulize binti yako aliyekaa kaunta."

Hakusema kitu. Baadaye binti akaninong'oneza kwamba baba yake amelirudia zoezi kimyakimya, mwenyewe, akiwa amekaa juu ya stuli kulinda makopo. Kisha mzee akanitumia ujumbe: mti wake utakaa upande gani wa mlango?

Hofu yao si ngeni. Strøget, barabara ya maduka ya Copenhagen, Denmark, ilipofungiwa magari mwaka 1962 ilianza kama majaribio, huku wafanyabiashara wakilalamika. Curitiba, Brazili, mwaka 1972, meya Jaime Lerner aliigeuza barabara ya Rua XV de Novembro kuwa ya waendao kwa miguu kwa kazi ya mwisho wa wiki moja, wapinzani wasipate nafasi ya kujipanga. Mimi sina umeya, lakini wazo la kujaribu kwanza nililichukua. Jumamosi tukaziba kichochoro kwa mapipa na mabenchi ya kuazima, tukatazama watu wanakwama wapi.

Walikwama kila mahali, maana kichochoro kilikuwa na migongo ya maduka pande zote mbili, na huko mbele hakikutokea popote pa maana. Tukavunja uzio uliokizuia kufika stendi. Majalala ya kila duka yakahamia kwenye kibanda kimoja kinachosombwa alfajiri (ugomvi wa kibanda hicho siusimulii hapa, bado wengine hawanisalimii). Halafu fundi cherehani aliyekuwa anabanana barazani akapangishwa stoo ya nyuma, akatoboa mlango upande wa kichochoro. Mlango mmoja! Wiki haikuisha, jirani naye akafungua wa kwake. Mtu anayeshona huku akitazama nje analinda kuliko taa kubwa ya mlingotini, ambayo inakupofusha tu na kuwaficha wabaya kwenye vivuli. Taa zetu ziko chini, juu ya kila mlango, na kila duka linalipia yake.

Kumwagilia nako tulikugawa. Kando ya kila mche tulifukia kipande cha bomba lenye matundu, na duka lililo mbele yake linamimina ndoo humo, maji yanakwenda chini badala ya kutiririka barabarani. Sasa vita iliyobaki ni ya benchi. Duka la viatu na duka la dawa kila mmoja analitaka upande wake, na nimewaambia wasipoelewana nampelekea fundi cherehani.