Taa nyekundu ya oili: siku yangu gerejini Gerezani, Dar es Salaam

Saa moja na nusu asubuhi dogo anamwaga maji kutuliza vumbi, mimi nafungua sanduku la vifaa. Chai, chapati, kazi. Mpaka saa nne nimeshafunga altaneta ya Noah na kurudisha taa za breki za bajaji.

Saa nne na kitu ikaja Toyota IST, inavutwa kwa kamba. Taa ya oili haizimiki. Mwenyewe kaambiwa na fundi mwingine kwamba injini imekufa, atafute ya mtumba.

"Fundi, chomeka kompyuta tuone."

"Bosi, taa hii haipiti kwenye kompyuta. Ni waya mmoja tu, kutoka kwenye swichi ya presha ya oili hadi dashibodi."

"Kompyuta si inasoma kila kitu?"

Nikaangalia stiki: oili ipo. Nikachomoa waya wa swichi, taa ikazimika. Basi waya ni mzima. Imebaki swichi mbovu, au presha kweli hakuna, na hapo ndipo wengi hubahatisha: wanafunga swichi mpya, wanachukua hela, gari linakwenda kukamata injini Mbagala. Mimi kwanza natoa swichi, nafunga geji ya kupima presha mahali pake. Ila swichi imejificha pabaya, soketi ya 24 inaingia kwa kuibembeleza, na huyu bwana kaniinamia mgongoni, shemeji yake yuko kwenye simu, spika wazi, ananifundisha kazi.

Nikawasha. Sindano ikapanda. Nikaacha injini ipate moto, maana oili ya baridi ni nzito, inadanganya.

"Sasa unasubiri nini?"

Nasubiri joto, bosi. Jua lenyewe lilikuwa utosini. Kitabu cha Toyota kinataka presha ya angalau kilopaskali 29 kwenye silensa, yaani injini ikinguruma bila kukanyaga mafuta, na 150 hadi 550 kwenye mizunguko 3,000 kwa dakika. Geji ilisoma karibu 100, halafu 300. Pampu ya oili nzima, injini nzima. Ile swichi ya zamani, pale pa kuchomekea waya palikuwa pamelowa oili kwa ndani, imepasuka tumboni.

Dogo akaenda kununua, akarudi na isiyo yake, akaenda tena. Alasiri hiyo sikumbuki nilikula saa ngapi, wala kama nilikula.

Taa ikazimika. Jamaa akakishika kile kiswichi: "Kidude hiki ndiyo ufundi wote huo?"

"Injini uliyoambiwa ununue ilikuwa shilingi ngapi?"

Akacheka, akatoa nusu. Nyingine atanirushia kwa simu jioni. Sasa hivi ni saa tatu usiku.